Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Tarehe 25 Juni 2025, jina la Khaman Maluach lilitajwa la kumi katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani huchagua chipukizi wa kuwaajiri. Houston Rockets ndiyo iliyotajwa kumchagua, lakini kwa makubaliano yaliyomhamisha Kevin Durant, kijana huyo alikuwa tayari wa Phoenix Suns. Akalia mbele ya kamera. Kabla machozi yake hayajakauka, Kampala ilikuwa imekwisha kumvika kanzu. Kwenye vibanda vya rolex vya Wandegeya, ndani ya teksi, hata kwenye kumbi za mihadhara, wimbo ulikuwa mmoja: "Yule ni wetu. Amekulia Kawempe."

Mimi ni shabiki wa kikapu na ninampenda Maluach. Nimezitazama mechi zake usiku wa manane, wakati wenye akili zao wamelala. Lakini wimbo huo unanikera, na katika insha hii nitaeleza kwa nini. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tumeigeuza methali: tunangoja mtu atuzwe kwanza, ndipo tunapokumbuka kwamba kwao ni kwetu.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Maluach alizaliwa Rumbek, Sudani Kusini, mwezi Septemba 2006. Akiwa mdogo familia yake ilikimbia vita ikaja Uganda, akalelewa Kawempe, moja ya divisheni tano za jiji la Kampala. Hakuwa na historia yoyote ya kikapu. Amesimulia mwenyewe kwamba mtu wa bodaboda alimwona njiani, akashangaa urefu wake, akamwambia ajaribu mchezo huo. Alikuwa na umri wa miaka kama 13. Alijifunza kwa kutembea mwendo mrefu kwenda uwanjani na kwa kutazama video za wachezaji wakubwa kwenye simu. Mwaka 2021, akiwa hata hajafika miaka 15, alikuwa amekwisha kuondoka. Alichukuliwa na akademia ya NBA iliyopo Saly, nchini Senegali.

Hapo ndipo hesabu yetu inapoanzia na kuishia. Kutoka siku aliposhika mpira mpaka siku alipopanda ndege ni takriban miaka miwili. Katika miaka hiyo, waliomsaidia walikuwa makocha wa kujitolea, jamaa wa jumuiya ya Wasudani Kusini waishio Kampala, na vijana wenzake waliokubali kucheza na mtu aliyekuwa hajui kudunda mpira. Hao wanastahili kusema "ni wetu." Wana haki ya kulisema hilo hadharani na kununuliwa soda. Lakini wanaolisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao, kama wangekutana naye njiani mwaka 2019, wangemwona mkimbizi mrefu tu, wa kuchekwa, na kuulizwa kama huko juu kuna baridi.

Wapo watakaonipinga kwa kunikumbusha City Oilers. Watasema: je, hakuichezea klabu ya Uganda katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile BAL, mwaka 2024? Alicheza, na alicheza vizuri mno. Lakini tuelezane ukweli wa jinsi alivyofika pale. BAL ina mpango ambao, tangu 2022, kila klabu inayoshiriki hupokea kijana mmoja kutoka akademia ile ya Senegali. Kwa mpango huo Maluach alichezea Cobra Sport ya Sudani Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegali mwaka 2023, kisha Oilers mwaka 2024. Kwa hiyo hata siku alipovaa jezi yenye jina la klabu yetu, tulikuwa tumeazimwa. Kijana aliyeishi umbali wa teksi moja kutoka Lugogo alirudi kwetu kwa kupitia Saly. Ni sawa na mtu mwenye kisima uani anayenunua maji ya chupa dukani kisha akajisifu kwamba kwake maji hayakauki.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ina uzito zaidi, nami sitaki kuidharau. Wanasema Uganda ilimpa hifadhi, na bila hifadhi kusingekuwa na Maluach. Hilo ni kweli. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na zaidi ya nusu yao wametoka Sudani Kusini. Mkimbizi hapa anaruhusiwa kufanya kazi, kutembea atakako na kumpeleka mtoto shule. Zipo nchi tajiri mara mia kuliko sisi ambazo haziwezi kujisifia hata robo ya hayo. Ninajivunia.

Ila kumpa mtu mahali pa kulala na kumpa mahali pa kukua ni mambo mawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya jembe ni kazi, na maana ya kazi ni kuhesabiwa kuwa mmoja wa wenye shamba. Jembe la mtoto ni mchezo na shule. Nenda Bidi Bidi, katika wilaya ya Yumbe, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kujaa haraka kuliko mji wowote wa Uganda ulivyowahi kujaa. Tafuta ligi ya taifa ya vijana inayowafikia watoto wa huko kila wiki, yenye waamuzi, karatasi za matokeo na mtu wa kuandika majina. Ukiipata, niite nije nikupigie makofi. Watoto wale wanacheza, tena sana, lakini wanacheza kwa fadhila za mashirika. Mradi ukiisha, mpira ukipasuka, mchezo nao umekwisha.

Nataka kulisema hili kwa uwazi kwa sababu limefichwa nyuma ya furaha ya drafti. Sheria yetu yenyewe haimtarajii mtoto huyo kuwa wetu. Katiba ya 1995, katika ibara ya 12, inapotaja mtu aliyezaliwa hapa na mwenye haki ya kuandikishwa kuwa raia, inawaacha nje watoto wa wakimbizi. Maluach hata hapa hakuzaliwa. Lakini fikiria mwenzake aliyezaliwa Adjumani, ambaye hajawahi kuiona Juba, anayezungumza Kiingereza cha kwetu na Kiswahili cha sokoni. Akiwa hodari wa kikapu leo, timu yetu ya taifa haina njia nyepesi ya kumwita.

Sasa ulinganishe na kisa cha Ishmail Wainright. Huyu ni Mmarekani wa Kansas City, aliyesoma Chuo Kikuu cha Baylor. Mwaka 2021 alipewa pasipoti ya Uganda akaichezea Silverbacks katika AfroBasket mjini Kigali, tukaitoa Nigeria na kufika robo fainali. Baada ya mashindano akasajiliwa na Phoenix Suns, timu ileile ya Maluach leo! Sina ugomvi na Wainright. Alikuja, akacheza kwa moyo, akatupa furaha. Ugomvi wangu ni na milango miwili ya nyumba moja. Mlango wa mbele ulimfungukia mtu mzima aliyetoka Missouri, tayari amekwisha kufundishwa na wengine kwa gharama za wengine. Mlango wa nyuma, ambako watoto wa Kawempe na Yumbe wanasimama mpaka jua linatua, hauna hata kitasa. Tunapenda tunda lililoiva, na kumwagilia mche tunaona ni kazi ya watu wengine.

Majirani zetu Wakenya nao wana la kujibu, nisije nikaonekana naisema Uganda peke yake. Awer Mabil alizaliwa katika kambi ya Kakuma mwaka 1995, akajifunza mpira wa miguu pekupeku kwenye vumbi la Turkana. Leo ulimwengu unamjua kama mchezaji wa Australia. Alifunga mojawapo ya penalti zilizoipeleka nchi hiyo Kombe la Dunia la 2022. Harambee Stars haijawahi kufika huko. Vipaji vinapita katikati yetu kama basi la usiku: tunasikia mngurumo, tunaona taa za nyuma, tunauliza limekwenda wapi.

Hoja ya tatu ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni nyepesi kuivunja: "Sisi ni maskini. Michezo inataka fedha." Basi tuitazame Sudani Kusini. Nchi ilipata uhuru mwaka 2011, ikajiunga na shirikisho la kikapu la dunia mwaka 2013, ikaingia vitani mwaka huohuo. Ilipofuzu Olimpiki haikuwa na uwanja mmoja wa ndani wa kikapu uliokamilika. Lakini ilikuwa na Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyekuwa mkimbizi Misri na Uingereza, akasoma Duke, akachaguliwa wa saba katika drafti ya 2004. Alipostaafu, alichukua urais wa shirikisho na kulipia mambo mengi kutoka mfukoni mwake. Alizunguka dunia nzima akiwauliza vijana swali moja: wewe ni wa kwetu? Mwaka 2023 timu hiyo ilizifunga China, Ufilipino na Angola katika Kombe la Dunia na kufuzu Olimpiki, Maluach akiwa na miaka 16. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, Marekani ya LeBron James iliponea chupuchupu mbele yao, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, karibu na mji wa Lille, waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Nani maskini hapo? Sudani Kusini haikuwa na fedha kutuzidi. Ilikuwa na mtu wa kuwatafuta watoto, daftari la majina yao, na nia. Maluach anasema wazi kwamba moyo wake uko huko, na ana haki. Walimwita akiwa bado hana jina. Ningekuwa yeye, ningewachezea wao mpaka magoti yaishe.

Na tusidhani jambo hili linawahusu wakimbizi pekee. Tabia tunayowafanyia watoto wa wenzetu ndiyo ileile tunayowafanyia watoto wetu wa kuzaa. Stephen Kiprotich wa Kapchorwa alitupa dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, ya kwanza tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Miaka 40! Alipoileta, zawadi zilimiminika, na wazazi wake wakaahidiwa nyumba. Lakini kabla ya hapo, ili awe mkimbiaji wa kueleweka, ilimbidi avuke mpaka akafanye mazoezi upande wa Eldoret, Kenya. Joshua Cheptegei, baada ya rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, ndiye aliyeanzisha kambi yake mwenyewe ya kuwalea wadogo zake, huku kituo cha taifa cha Teryet kikijengwa kwa miaka mingi kama nyumba ya mtu asiye na haraka ya kuhamia. Medali ndiyo inayoleta nyumba. Kabla ya medali, hata viatu mtoto ajinunulie.

Soka nalo lina yake. Machi 2021, Hippos, timu yetu ya vijana chini ya miaka 20, ilifika fainali ya AFCON ya vijana nchini Mauritania ikafungwa na Ghana 2 kwa 0. Derrick Kakooza aliibuka mfungaji bora kwa mabao 5, matatu kati ya hayo akiyafunga katika nusu fainali dhidi ya Tunisia. Baadaye akaenda Valmiera, klabu ya Latvia. Walioshangilia kuondoka kwake ni maelfu. Walioweza kueleza mwaka mmoja baadaye ligi ya Latvia ina timu ngapi, au kijana wetu amecheza dakika ngapi, wasingejaza teksi ya abiria 14. Kwetu "kwenda nje" ndiyo mwisho wa hadithi, wakati kwa mchezaji mwenyewe ni ukurasa wa kwanza. Huko anakuta baridi, lugha ngeni, kocha asiyemjua, na mkataba alioutia saini bila ya mwanasheria kuusoma. Sisi tumekwisha kuhamia kwa chipukizi mwingine, na tumekwisha kumbandika jina la Messi wa Masaka au Ronaldo wa Rubaga.

Shule zetu ndizo zingekuwa ngazi, lakini nyingi zimegeuka soko. Katika sekondari moja niliyosoma, kijana mmoja aliletwa kutoka mkoa mwingine kwa bursari ya michezo. Alilipiwa karo, chakula na godoro kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Alilala darasani na hakuna mwalimu aliyemwamsha, maana Jumamosi kulikuwa na mechi. Alipoumia goti akiwa kidato cha tano, bursari ilikoma muhula uleule. Hakuwa na mguu, hakuwa na cheti. Kombe alilosaidia kulileta lipo mpaka leo kwenye kabati la ofisi, limefutwa vumbi vizuri. Nikisikia mtu akisema "shule zetu zinakuza vipaji," hulifikiria lile kabati.

Ndiyo maana siwaungi mkono wazee wanaowaambia vijana, "Maliza shule kwanza, michezo baadaye." Wana nia njema, lakini wanagombanisha vitu viwili ambavyo havina ugomvi. Maluach mwenyewe alipitia masomo ya akademia, kisha mwaka mmoja Duke, chuo ambacho kuingia kwake si mchezo. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akiwa na ndoto ya udaktari. Aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, umri ambao kwetu tungekwisha kumwita mzee, akacheza misimu 18. Mwaka 2007 ilifunguliwa hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Na Jacob Kiplimo alikimbia Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 15, hakuvuma, akaachwa akue, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2020 na mshika rekodi mwaka 2021. Mmoja alichelewa, mwingine aliwahi, wote wakafika. Umri si kitu cha kubishania. Swali ni je, chini ya mguu wa mtoto kuna ngazi, au kuna hewa?

Hapa naomba niseme neno la shabiki juu ya Maluach mwenyewe, kwa sababu naona kamba ya kumnyongea imeanza kusokotwa. Duke alipata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mechi, na alitumbukiza zaidi ya asilimia 71 ya mipira aliyoirusha. Ni namba nzuri sana, lakini nyingi zilitokana na kupokea pasi za juu karibu na kikapu na kupigilia. Akiwa mlinzi wa kikapu, urefu wake wa zaidi ya mita 2.1 na mikono yake mirefu huwafanya washambuliaji wabadili mawazo wakiwa hewani. Lakini katika nusu fainali ya vyuo, Aprili 2025, Houston ilipowafunga 70 kwa 67, hakupata ribaundi hata moja. Wanaume wenye vifua vipana walimsukuma kama mlango ulioachwa wazi. Huyo ni kijana aliyekuwa na miaka sita tu ya kuujua mchezo. Atahitaji miaka mitatu, pengine minne. Wanaodai aanze kung'ara msimu wa kwanza hawajui kazi ya mchezaji wa katikati, na nawahakikishia kwamba ndio watakaokuwa wa kwanza kusema "huyu ni wa Sudani Kusini" atakapokaa benchi. Uzazi wetu huwa unategemea matokeo.

Tena siku ileile Duke ilipofungwa, tarehe 5 Aprili 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudani Kusini. Kijana wa miaka 18, aliyekwisha kukimbia nchi moja, alitoka uwanjani San Antonio akiwa hajui kama ataruhusiwa kubaki katika nchi nyingine. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusema "ni wetu." Nilitega sikio. Vibanda vya Wandegeya vilikuwa vikibishana juu ya Arsenal.

Basi tufanye nini? Maana insha ya kulalamika tu ni kama mchezaji asiyerudi kukaba. Nina madai matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

La kwanza ni viwanja vidogo. Tunajiandaa kuwa wenyeji wa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Tanzania, na fedha nyingi zimekwenda kwenye viwanja vikubwa. Sawa, tuvijenge. Lakini uwanja mkubwa ni wa kutazamia, na mtoto hujifunzia pale karibu na kwao. Shule nyingi za Kampala zina viwanja vya kikapu ambavyo hufungwa kwa kufuli kila likizo, wakati ambao ndio watoto wana nafasi. Ufunguo na mlinzi mmoja vinatosha. Rwanda ilijenga ukumbi wake mkubwa wa Kigali mwaka 2019 na imevuna sifa za BAL, lakini hata huko atakayecheza humo kesho ni yule anayepata pa kuchezea leo mtaani.

La pili ni daftari. Kila mtoto anayecheza katika mashindano ya shule au ya mtaa aandikwe: jina, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, timu, kocha. Mkimbizi aandikwe kama raia, kwa kadi yake ya ukimbizi. Wanaodhani hili ni jambo la huruma wasome kanuni za FIFA. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu ya mtaani ambayo haikumwandika haipati hata senti, kwa sababu kwenye karatasi haikuwahi kumlea. Daftari la shilingi elfu tatu linaweza kuleta uwanja mzima. Pia daftari hilo ndilo litakalotuponya na aibu ya wachezaji wa chini ya miaka 17 wenye watoto wawili nyumbani.

La tatu ni mlango. Bunge lijadili kwa uwazi hatima ya watoto waliozaliwa au kulelewa hapa na wazazi wakimbizi. Sisemi kila mtoto apewe pasipoti kwa sababu anaruka juu. Hiyo itakuwa biashara ya ng'ombe. Nasema kinyume: mtoto apewe nafasi ya kuwa wa hapa hata kama harushi mpira wala hakimbii, na tukishafanya hivyo, wale wachache wenye vipaji watakuwemo humohumo bila ya kuwinda. Atakayechagua kwenda kuchezea nchi ya babu zake, aende na baraka zetu. Lakini awe amechagua, asiwe amekosa pengine pa kwenda.

Kuna atakayesema mimi ni mwanafunzi tu, nina jeuri ya kuwafundisha wakubwa kazi. Nakubali uanafunzi. Lakini wachezaji ninaowazungumzia ni rika langu na wadogo zangu. Tulikaa nao madawati yaleyale, na tunajua nani alikuwa hodari kuliko aliyefika kwenye televisheni. Kila mmoja wetu anamjua "Maluach" mmoja wa mtaa wake ambaye hakupitiwa na bodaboda. Leo anabeba mizigo Owino au analinda geti Ntinda, na watu bado wanamuuliza kama huko juu kuna baridi.

Kwa hiyo, mashabiki wenzangu, tumshangilie Khaman Maluach. Tuvae jezi yake, tubishane juu ya dakika zake, tumtakie maisha marefu uwanjani. Lakini mtu akisema "yule ni wetu," muulize mara moja na kwa heshima: mtoto gani mwingine wa mtaa wako unamjua kwa jina, anacheza wapi, na mpira wake nani aliununua? Akijibu, muache aimbe. Akishindwa, mpeleke uwanjani Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, watoto wakiwa wanajipanga, akaanze kuyaandika majina.